Sura ya Saba: Faili Lisomwe Mpaka Mwisho

Nyumba nyingi za Marekani hununuliwa kwa mkopo wa miaka 30, na kati ya mnunuzi na fedha yupo mtu ambaye mnunuzi huenda asimwone maishani. Huyo ni mtathmini wa mikopo. Yeye ndiye anayelipokea faili la mwombaji, akalisoma, kisha akaamua: mkopo upite, urudishwe ukarekebishwe, au ukataliwe. Hakai kaunta wala hatembezi wateja kwenye nyumba zinazouzwa. Ana meza, kitabu cha masharti na rundo la karatasi. Lakini bila sahihi yake, fedha haitoki.

Sura hii inamhusu mwanamke aliyeishi ndani ya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 30, Sherry Hunt. Alianza mwaka 1975 katika benki ndogo ya Alaska, akapanda hadi kuwa makamu wa rais katika CitiMortgage, tawi la mikopo ya nyumba la Citigroup, na mwaka 2011 akaishtaki benki hiyo hiyo mahakamani. Wengi wanaomjua humkumbuka kwa fedha alizozipata katika kesi. Mimi nimemweka katika kitabu hiki kwa sababu nyingine. Mabosi walikuja na kuondoka, soko likapanda na kuporomoka, masharti yakalegezwa mbele ya macho yake, naye akaendelea kuyasoma mafaili kwa kipimo kile kile. Ustahimilivu wa namna hiyo ni adimu kuliko ujasiri wa siku moja, na ndio ninaotaka tuutazame kwa karibu.

Mwaka wa sheria mpya

Hunt alikulia shamba, katika jimbo la Michigan. Aliolewa mapema, akawa mama akiwa bado kijana, na hakwenda chuo kikuu. Alipohitaji kazi, rafiki yake alimsaidia kupata nafasi ya kuandaa karatasi za mikopo ya nyumba huko Alaska.

Mwaka alioanzia ulikuwa na uzito wake. Mpaka katikati ya miaka ya 1970, mwanamke wa Marekani aliyeomba mkopo alipimwa kwa mizani ya peke yake. Wakopeshaji wengi waliuhesabu mshahara wa mke nusu, au wasiuhesabu kabisa, iwapo bado alikuwa katika umri wa kuzaa. Hoja yao ilikuwa kwamba leo yupo kazini, kesho atapata mtoto aache. Wapo waliowadai wanandoa barua ya daktari kuthibitisha kwamba hawatazaa tena. Mwanamke aliyefiwa au kuachika aliweza kukuta hana rekodi yoyote ya mikopo, ingawa alilipa deni la nyumba kwa miaka mingi, kwa kuwa kila kitu kiliandikwa kwa jina la mume. Sheria ya Fursa Sawa ya Mikopo, iliyopiga marufuku mambo hayo, ilitiwa saini Oktoba 1974 na kuanza kutumika Oktoba 1975. Kwa hiyo Hunt aliingia katika kazi ya kupima wakopaji katika mwaka ule ule ambao wanawake wa nchi yake walianza kupimwa kwa haki mbele ya sheria.

Wamarekani Weusi walikuwa wameumizwa na mizani hiyo vibaya zaidi. Serikali ilipounda shirika la FHA mwaka 1934 ili litoe bima kwa mikopo ya nyumba, kitabu cha masharti cha watathmini wake kiliuhesabu mchanganyiko wa rangi katika mtaa kuwa ni hatari kwa mkopo. Familia yenye kipato kizuri na rekodi safi ilinyimwa kwa sababu ya mahali ilipoishi na rangi ya waliokuwa majirani. Ubaguzi huo katika nyumba na mikopo yake ulipigwa marufuku na sheria mwaka 1968, lakini athari zake zingali zikionekana katika miji mingi ya Marekani.

Nayataja haya kwa sababu kipimo kilichopinda kina namna mbili za kuumiza watu. Kinaweza kumnyima anayestahili, kama ilivyokuwa kwa miaka mingi. Kinaweza pia kumbebesha mtu mzigo asioweza, kisha kikamtoa ndani ya nyumba. Hunt alianza kazi wakati kosa la kwanza likianza kusahihishwa. Alikuwa amekwisha kukomaa katika kazi pale kosa la pili lilipofika.

Jinsi karatasi zinavyohojiwa

Kazi yenyewe huzunguka maswali matatu. La kwanza ni uwezo: je, mtu huyu anapata kiasi gani, na akishalipa madeni mengine atabaki na nini? Kwa mikopo ya FHA, kwa kawaida jumla ya madeni ya kila mwezi hutakiwa isizidi takriban asilimia 43 ya mapato kabla ya kodi, ingawa kuna nafasi ya kuvuka hapo kukiwa na sababu nzuri zilizoandikwa. La pili ni mwenendo: alilipaje madeni ya nyuma? La tatu ni dhamana: nyumba yenyewe ina thamani gani, na je, ikibidi kuuzwa itarudisha deni?

Maswali ni mepesi kuyataja. Ugumu upo katika majibu, kwa sababu yanakuja kwa karatasi, na karatasi inaweza kutengenezwa.

Chukua hati ya mshahara. Mtu analipwa dola 2,000 kila baada ya wiki mbili. Kufikia mwisho wa Juni amekwisha kulipwa mara 13, basi jumla yake tangu Januari iwe dola 26,000. Hati ikionyesha 31,000, mtathmini mzoefu hasongi mbele. Huenda kuna bonasi au saa za ziada, basi zionyeshwe. Huenda hati imechapwa usiku wa jana kwenye kompyuta ya dalali. Chukua taarifa ya benki: akaunti ilikuwa na dola 300 mwaka mzima, ghafla zimeingia 9,000 wiki moja kabla ya maombi. Zimetoka wapi? Ni zawadi ya mzazi, au ni mkopo mwingine uliofichwa uonekane kama akiba? Chukua ripoti ya mthamini, yule anayekadiria bei ya nyumba: anasema nyumba ina thamani ya dola 240,000 kwa sababu tatu zinazofanana nayo ziliuzwa kwa bei hiyo. Mtathmini anafungua ramani na kukuta zile tatu zipo ng'ambo ya barabara kuu, katika mtaa wa matajiri. Chukua namba ya simu ya mwajiri: inalingana na namba ya nyumbani ya mwombaji.

Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji kipaji cha ajabu. Kinachohitajika ni subira ya kulisoma faili la mia kwa umakini ule ule wa faili la kwanza, na moyo wa kulirudisha linapokosa kitu hata kama saa ni kumi na moja jioni na dalali anapiga simu kwa mara ya tatu. Ujuzi huo Hunt aliubeba kutoka Alaska hadi Indiana, Minnesota na Missouri, akipanda ngazi moja baada ya nyingine katika fani ambayo mtu huweza kufika mbali bila shahada, mradi maamuzi yake yawe yanasimama.

Kiwanda cha O'Fallon

Novemba 2004 aliajiriwa na CitiMortgage katika mji wa O'Fallon, magharibi ya St. Louis, akiwa msimamizi wa watathmini 65. Bei za nyumba zilikuwa zikipaa, na kazi ya kikosi chake ilikuwa kukagua mikopo ambayo benki ilitaka kuinunua kutoka kwa wakopeshaji wengine.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kushika mwenendo wa fedha, maana bila huo hataelewa shinikizo. Dalali wa mjini anamtafuta mkopaji. Kampuni ndogo inatoa mkopo. Benki kubwa inaununua mkopo huo, inauunganisha na maelfu mengine, kisha inauza fungu zima kwa wawekezaji, ikiwahakikishia kwamba mikopo hiyo imetimiza masharti. Kila mmoja anachukua chake mkopo unapopita mkononi mwake. Dalali halipwi kwa mkopo uliokataliwa. Kampuni haipati faida kwa mkopo uliorudishwa. Katika msururu huo wote, mtathmini peke yake ndiye anayelipwa ili wakati mwingine aseme hapana.

Kufikia 2006, kwa maelezo ya Hunt mwenyewe, kikosi chake kilikuwa kikikutana na fomu za kodi zilizochezewa, tathmini za nyumba za uongo, na karatasi zisizo na sahihi. Alifanya kile alichoajiriwa kukifanya: aliorodhesha kasoro na kuzipeleka juu. Hakuwa peke yake. Richard Bowen, aliyekuwa mtathmini mkuu katika mikopo ya wateja ya Citigroup, aliiambia tume ya kuchunguza mgogoro wa fedha Aprili 2010 kwamba katikati ya 2006 aligundua zaidi ya asilimia 60 ya mikopo iliyonunuliwa na kuuzwa katika mkondo mmoja mkubwa ilikuwa na kasoro, na kwamba mwaka 2007 kiwango kilivuka asilimia 80. Kasoro hapa ina maana ya mkopo usiotimiza masharti ya benki yenyewe, mara nyingi kwa faili kukosa nyaraka zinazotakiwa. Novemba 3, 2007 Bowen aliwaandikia wakuu wa juu kabisa, akiwamo Robert Rubin aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa Marekani. Baada ya hapo, anasema, madaraka yake yalipunguzwa.

Wahenga wametwambia njia ya mwongo ni fupi. Katika biashara hii ilikuwa ndefu, kwa sababu kila aliyeipitia alilipwa njiani, na wa kulipa gharama alikuwa mbali: mstaafu ambaye akiba yake ilinunua fungu la mikopo hiyo, na mama mwenye nyumba mpya ambaye riba yake ilipanda akashindwa kulipa. Soko lilipoanguka, familia kwa mamilioni zilipoteza nyumba. Citigroup yenyewe iliokolewa na serikali kwa dola bilioni 45 mwaka 2008.

Idadi lazima ishuke

Ungetarajia hapo kila kitu kibadilike. Hunt alikuwa sasa katika udhibiti wa ubora, mahali ambapo mikopo iliyokwisha kupita huchunguzwa upya. Mingi ya mikopo iliyomsumbua ilikuwa ya FHA, na hiyo ina ulinzi wa pekee. FHA haimkopeshi mtu. Inampa mkopeshaji bima. Mkopaji akishindwa, mfuko wa serikali ndio unaomlipa mkopeshaji. Kwa kuwa serikali haiwezi kulisoma kila faili, imewapa wakopeshaji waliokubaliwa mamlaka ya kuidhinisha wenyewe, kwa sharti kwamba kwa kila mkopo wathibitishe kwa maandishi kuwa umetimiza masharti. Yanatakiwa pia mambo mengine: mkopo unaoshindwa kulipwa ndani ya miezi ya mwanzo uchunguzwe kikamilifu, na dalili za udanganyifu ziripotiwe. Mpango wote umejengwa juu ya uaminifu wa mtu anayelisoma faili.

Wanaoitumia bima hiyo aghalabu ni wanunuzi wa mara ya kwanza na watu wenye akiba ndogo, wakiwamo wengi ambao wazazi wao walinyimwa mikopo na kitabu cha masharti cha zamani. Kila mkopo mbovu unaopitishwa hula mfuko uliowekwa kwa ajili yao.

Hunt anasimulia kwamba Machi 2011, baada ya kikao, mkubwa mmoja alimtaka yeye na mwenzake wabaki chumbani. Maneno yalikuwa machache: idadi ya mikopo inayotajwa kuwa na kasoro ishuke, la sivyo kazi zao zipo hatarini. Kuishusha idadi kulikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa ngumu, ya kutengeneza mikopo bora. Nyingine ilihitaji kalamu tu: pale palipoandikwa kasoro kubwa, paandikwe kasoro ndogo. Hunt alielewa ni ipi iliyokuwa ikitakiwa, akakataa.

Natamani kila msomaji apime uzito wa kukataa huko. Alikuwa na kazi nzuri, umri uliokwisha kusogea na cheo alichokipata kwa miongo mitatu. Na alijua yanayoweza kumpata. Katika kampuni ya Countrywide, mwanamke mwingine, Eileen Foster, aliyekuwa akiongoza uchunguzi wa udanganyifu wa mikopo, alifukuzwa Septemba 2008 baada ya kufichua aliyoyakuta. Ilichukua miaka mitatu mpaka Wizara ya Kazi ya Marekani, Septemba 2011, ilipoamua kwamba alionewa na kuagiza arudishwe kazini na alipwe takriban dola 930,000.

Mahakamani Manhattan

Agosti 2011, Hunt alifungua kesi katika mahakama ya shirikisho mjini Manhattan. Alitumia sheria ya zamani, Sheria ya Madai ya Uongo ya mwaka 1863, iliyopitishwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe dhidi ya wafanyabiashara waliokuwa wakiliuzia jeshi bidhaa mbovu. Sheria hiyo inamruhusu raia anayejua kwamba serikali inaibiwa afungue kesi kwa niaba yake. Kesi huanza kwa siri, serikali ikachunguza na kuamua kama itajiunga. Ikijiunga na kushinda, aliyeileta hupata kati ya asilimia 15 na 25 ya kinachorejeshwa.

Serikali ilijiunga. Februari 15, 2012, miezi sita tu tangu kesi ifunguliwe, CitiMortgage ilikubali kulipa dola milioni 158.3. Ilikiri pia kwamba iliidhinisha kwa bima ya serikali mikopo ambayo haikustahili kwa masharti ya FHA. Kwa maelezo ya waendesha mashtaka, tangu 2004 benki hiyo ilikuwa imeingiza karibu mikopo 30,000 katika bima ya FHA, na zaidi ya asilimia 30 yake ilishindwa kulipwa. Hunt alipata dola milioni 31, yaani chini kidogo ya moja ya tano.

Mwezi huo huo benki ya Flagstar ilikubali kulipa dola milioni 132.8 kwa makosa ya aina hiyo, na mwaka 2016 Wells Fargo ikakubali kulipa dola bilioni 1.2. Kilichodaiwa kuwa desturi ya soko kikaonekana kwa jina lake: uthibitisho wa uongo, mkopo baada ya mkopo.

Kesi ilisimama kwa sababu Hunt alikuwa mahali ambapo ushahidi unazaliwa. Hakuwa na tetesi za korido. Alikuwa na ripoti za kazi yake mwenyewe, zilizoandikwa mwezi kwa mwezi, zikieleza kasoro gani ilionekana, katika mkopo upi, na nani aliarifiwa. Tabia ile ile iliyomfanya mtathmini mzuri ndiyo iliyomfanya shahidi asiyepingika.

Kwa wanaoingia katika kazi hii

Kazi hii ipo kwetu pia, na inakua. Kampuni ya Tanzania ya kugharamia upya mikopo ya nyumba, TMRC, ilianzishwa mwaka 2010, na Kenya ikafuata na KMRC, iliyopewa leseni na Benki Kuu mwaka 2020. Mashirika haya huyapatia mabenki fedha za muda mrefu kwa dhamana ya mikopo ya nyumba yaliyonayo, lakini benki iliyomkopesha mwananchi hubaki na jukumu la mkopo huo. Ni mpangilio wenye busara, kwa kuwa haumruhusu mkopeshaji kuutupa mkopo mbovu kwa mwingine na kunawa mikono. Hata hivyo, mpangilio haulisomi faili. Watakaoyasoma mafaili ni vijana walioketi leo Dar es Salaam na Nairobi, wengi wao wanawake, wakiangalia hatimiliki, ridhaa ya mwenza na mapato ya muuza duka ambaye mauzo yake hupita kwenye simu.

Kwao maisha ya Hunt yana mafunzo ya kushika. Kijue kitabu cha masharti kuliko bosi wako. Mtu akikwambia uvuke sharti, uweze kumwonyesha ukurasa. Andika sababu ya kila uamuzi siku ile ile, kwa maneno ambayo mgeni atayaelewa miaka mitano baadaye. Programu za kompyuta, ambazo zimekuwa zikitathmini mikopo Marekani tangu miaka ya 1990, zitakusaidia kukokotoa, lakini haziwezi kujua kwamba hati ya mshahara uliyozilisha ni ya kughushi. Pigia simu ofisini kwa mwajiri. Peleka tatizo juu kwa njia rasmi kwanza, na uweke kumbukumbu. Ijue pia sheria inayokulinda: Tanzania, kwa mfano, ina sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ya mwaka 2015.

Na usimpime mwombaji kwa mizani ya peke yake kwa kuwa ni mwanamke, mjane, au anaishi mtaa usioupenda. Aliyemnyima mwanamke mkopo mwaka 1970 na aliyepitisha hati ya uongo mwaka 2006 walifanya kosa moja: wote wawili walikuwa na jibu kabla ya kulifungua faili.

Mzigo huu, hata hivyo, haupaswi kubebwa na mtu mmoja kwa ujasiri wake. Wakuu wa benki wana wajibu mkubwa zaidi. Bonasi ya mkaguzi isitegemee idadi ya mikopo iliyopita. Ripoti ya kasoro ifike kwenye bodi bila kupita mikononi mwa wauzaji wa mikopo. Mjumbe wa bodi anayetaka kujua kama benki yake ni salama aache kwanza jedwali la faida, ashuke hadi chumba cha watathmini, aulize ni nani aliyekataa mkopo mkubwa mwaka huu na yuko wapi sasa. Akiambiwa amehamishwa, amepunguziwa kazi au ameondoka, hasara tayari imo katika vitabu vya benki, hata kama mahesabu ya mwaka bado yanaonyesha faida.